Sanduku la babu: shajara ya mawe 23

6 Januari

Leo ndo nimeanza rasmi. Sanduku la bati la babu limekaa chini ya kitanda cha mama pale Mwanga, hapa Kigoma, tangu babu afariki, kila mtu kwenye ukoo analijua na hakuna aliyewahi kulifungua zaidi ya dakika mbili maana ni zito, linanuka kutu na ndani ni mawe tu. Mjomba mmoja aliwahi kulifungua akitegemea kukuta hati ya shamba, akalifunga akasonya akaenda zake. Mi nimelivuta mpaka ukumbini nikamwambia mama naomba hili liwe langu, akasema chukua ila usinijazie vumbi.

Nimehesabu mawe 23. Mengine yamefungwa kwa magazeti yaliyogeuka rangi ya chai, mengine yako kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Mawe 14 yana kadoa ka rangi nyeupe, ukubwa wa punje ya mchele, na juu ya hako kadoa kuna namba ya wino mweusi, imeandikwa kwa mkono uliotulia kweli kweli. Manne hayana namba ila yana karatasi yenye maelezo. Matano yako uchi, hayana kitu.

Namba kubwa kuliko zote ni 31. Kwahiyo kuna mengine hayapo, na lazima palikuwa na daftari mahali, maana mtu hawezi kuandika namba 31 kwenye jiwe bila kuwa na orodha. Mama anasema daftari hajawahi kuliona.

Kwa anayesoma hii bila kujua: babu alikuwa karani wa stoo kwenye mgodi wa risasi kule Mpanda, enzi za mkoloni. Mgodi ulikuwa sehemu inaitwa Mukwamba, na ile reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda mnayoiona mpaka leo ilijengwa kwa ajili ya mzigo wa huo mgodi. Mama kazaliwa huko huko. Mgodi ulipofungwa 1960 babu akarudi Kigoma akapata kibarua bandarini.

10 Januari

Nimeharibu. Naandika hivi nikiwa bado na hasira na mimi mwenyewe.

Jana usiku nilikuwa na mzuka, nikachukua beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga na mswaki mkuukuu, nikatumbukiza mawe sita kwa mpigo ili nitoe vumbi la miaka sitini. Moja lilikuwa bonge jeupe lenye vipande vya mraba vimepandana kama ngazi, zuri sana, limefungwa na karatasi ya brauni yenye maandishi ya kizamani yale ya kulala. Nikaenda kula, stori na mama, nikarudi baada ya kama dakika arobaini.

Beseni lina mawe matano na kitu kama kipande cha sabuni kilichobakia.

Nimeonja maji. Chumvi. Jiwe lilikuwa chumvi jamani, na mimi nimeiloweka.

Na karatasi yake niliiweka ukingoni mwa beseni ikalowa, wino umetiririka wote, limebaki neno moja tu linalosomeka: Gottorp. Nikadhani ni jina la mtu. Nikatumia bando usiku kucha kulitafuta, kumbe Gottorp ndo jina ambalo Wajerumani waliupa mtambo wao wa chumvi pale Uvinza! Yaani hapo hapo tunapopita na basi kila siku. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza watu wanazichemsha tangu zamani mno, wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta utengenezaji wa chumvi unaenda nyuma zaidi ya miaka elfu moja, na kabla ya Wajerumani makabila kibao yalikuwa yanakusanyika pale kiangazi kuchemsha na kubeba. Mama alivyosikia neno Uvinza akasema baba yake babu ndo alikuwa mchemsha chumvi. Sasa unanielewa kwanini nina hasira. Lile lilikuwa jiwe lenye ukoo mrefu kuliko yote kwenye sanduku, limevuka utawala wa Mjerumani, wa Mwingereza na Uhuru, likaja kufa kwenye beseni langu.

(Kuna watakaosema chumvi ya kuchemshwa sio madini halisi kwa sababu kuna mkono wa binadamu. Sawa. Waje wanifariji na hiyo hoja.)

Kilichobaki nimekianika kivulini, kina uzito wa gramu 38. Nimekiweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nimeviomba duka la viatu Lumumba Road wakanipa mfuko mzima, walidhani nimechanganyikiwa.

13 Januari

Nimejiwekea sheria, nimezibandika ukutani kwa maandishi makubwa. Hakuna maji. Hakuna mswaki. Hakuna kutenganisha jiwe na karatasi yake hata kwa dakika tano. Picha kwanza, ya jiwe, ya karatasi, ya kopo, ya gazeti lililofungia. Hata gazeti? Ndio hata gazeti, maana lina tarehe. Namba za babu hazifutwi wala hazipakwi upya.

Wakusanyaji wakubwa wa Ulaya wanafanya hivyo hivyo, jiwe likibadilisha mikono mara nne linabaki na karatasi nne, kila mwenye mali anaongeza ya kwake na hatupi ya mwenzake. Sisi tunaoa kwa kuulizana ukoo, we mtoto wa nani, babu yako katokea wapi. Jiwe nalo linaulizwa hivyo hivyo.

Afu nimetamani kitu kimoja ambacho Kigoma haiwezekani kabisa: nyerereiti, madini yaliyopewa jina la Mwalimu, yanatoka kwenye lava ya Oldoinyo Lengai. Yakipata unyevu tu yanaharibika, yanageuka meupe. Na mvua hizi? Hata nikipewa bure nitakuwa nimepewa msiba.

21 Januari

Kazi ya leo imeenda vizuri, ngoja niieleze polepole maana ndo niliyoifurahia kuliko zote.

Kuna mawe tisa ya rangi ya risasi, yanang'aa kama kioo cha gari, mazito mpaka mkono unashtuka. Kila yanapopigwa yanameguka vipande vya mraba, hata chenga ndogo kabisa ya chini ya kopo ukiitazama kwa lenzi ni mraba. Nilikuwa na uhakika ni galena, yaani mawe ya risasi ya Mpanda, ila uhakika wa macho sio uhakika. Nikaazima mzani wa jikoni wa mama wa keki jirani, ule wa betri. Unapima jiwe kavu. Afu unaweka bakuli la maji juu ya mzani, unarudisha sifuri, unafunga jiwe na uzi unalining'iniza lizame ndani ya maji bila kugusa chini. Mzani unapanda. Hiyo iliyopanda ndo uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa uzito mkavu kwa hiyo namba, unapata jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji.

Namba 17 imetoka gramu 412 kavu, mzani ukapanda gramu 55. Hiyo ni 7.49. Galena inatakiwa kuwa karibu na saba na nusu. Nimepiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

(Ndio, nimevunja sheria ya maji siku nane baada ya kuiandika. Galena haiyeyuki, na nilifunika namba kwa plastiki. Baada ya kazi nikanawa mikono kwa sabuni maana risasi ni risasi, haifai kuingia mdomoni, na kwa mtoto ndo kabisa.)

Saba kati ya tisa yamekubali. Mawili mzani unacheza, yana mawe mengine yamechanganyika ndani, nimeandika "bado".

2 Februari

Karatasi. Nimezisoma karatasi tatu zilizobaki na nimegundua kwamba jina la mahali ni saa. Ukisoma vizuri linakwambia muda.

Mfano jiwe limeandikwa Western Province, Tanganyika Territory. Neno Territory linaanza 1920 Mwingereza alivyoipa nchi jina, na linaisha na Uhuru 1961. Ukiona Deutsch-Ostafrika ni Mjerumani. Ng'ambo ya ziwa hivyo hivyo, Congo Belge inaanza 1908 mfalme alivyoiachia serikali ya Ubelgiji na inaisha 30 Juni 1960, Zaïre ni 1971 mpaka 1997. Albertville ndo Kalemie ya sasa, Jadotville ni Likasi, Élisabethville ni Lubumbashi. Kwahiyo mtu akikuletea karatasi ina Zaïre anakwambia ni ya mwaka 1950, mpe maji anywe aende.

Ya tatu ndo imenichanganya. Imepigwa taipu kwa Kifaransa: Musonoï, Katanga, Congo Belge. Na hili jiwe lina namba pia, 26, nilikuwa sijaiona, iko chini chini. (Kwahiyo yenye namba ni 15, nasahihisha.) Jiwe lenyewe ni la kahawia na juu limeota sindano za kijani kibichi, nyembamba kama nywele, zimetawanyika kama nyota. Zuri mpaka nimeliweka juu ya meza pembeni ya kitanda niwe naliangalia.

Nadhani ni malakaiti, ile ya shaba. Katanga si ndo nchi ya shaba, na mizigo ya Kongo ilikuwa inavuka ziwa kutoka Albertville inashuka hapa Kigoma, Wabelgiji walikuwa na eneo lao kabisa bandarini, Belbase, mkataba wa 1921. Mama anasema babu alipewa na Mbelgiji aliyekuwa anakimbia vurugu za Kongo. Mwaka gani? Mama anasema 1964, shangazi mmoja kwenye simu anasema 1960. Karatasi imepigwa kabla ya Juni 1960, hilo nina uhakika, ila karatasi kuandikwa 1955 haina maana babu alipewa 1955, usichanganye.

5 Februari

Malakaiti ukiidondoshea siki inachemka vipovu polepole. Nimechukua chenga moja ya namba 26 nikaidondoshea. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikaipasha siki moto kidogo. Kimya kabisa.

Nikamtumia picha jamaa yangu niliyesoma naye, sa hivi ni mjiolojia Dodoma. Kwa kawaida huyu anajibu baada ya siku tatu. Leo amepiga simu ndani ya dakika tatu na hakusalimia.

"Hilo jiwe liko wapi?"

"Mezani, pembeni ya kitanda."

"Litoe. Sasa hivi. Afu nawa mikono ndo unipigie."

Kumbe Musonoï inajulikana dunia nzima kwa hizo sindano za kijani. Yanaitwa kuprosklodowskaiti, ni shaba na urani pamoja, jina limetokana na Skłodowska, ukoo wa Marie Curie, yule mwanasayansi wa mionzi. Urani. Nimelala na urani siku tatu mkuu. Na mama amelala juu yake sijui miaka mingapi!

Nimevaa glavu za kuoshea vyombo, nikalitia kwenye kopo la bati, kopo nikalitia kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo nimeipeleka banda la nyuma ambako hakuna anayelala, hata kuku nimewahamisha. Nimepangusa meza na sanduku kwa kitambaa kibichi, kitambaa nacho ndooni. Jamaa amesema hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mwilini, na gesi inayotoka humo kujikusanya kwenye chumba kilichofungwa, kwahiyo kukaa chumba kimoja na jiwe kama hilo usiku hadi usiku sio mchezo wa kucheza. Amenipa namba ya watu wa TAEC, tume ya serikali inayoshughulika na mionzi, nimepiga.

Ile siki na chenga nayo iko ndooni. Kijiko pia. Mama kaulizia kijiko chake.

19 Februari

Wataalamu wa mionzi wamekuja. Walikuwa wapole, nilitegemea kufokewa. Kile kifaa chao kikakaa kimya mlangoni, kimya ukumbini, kimya kwenye godoro la mama (mama alikuwa amesimama pembeni mikono kiunoni anasubiri hukumu), walivyofika bandani kikaanza kulia kama mahindi yanayokaangwa. Wameliandikia, wamenisainisha, wameondoka nalo.

Na karatasi wameichukua pia, ilikuwa imefungwa pamoja na jiwe kwa miaka yote hiyo ina vumbi lake. Nimebaki na picha nne na nakala niliyoskani Februari 2. Kwenye orodha namba 26 inabaki na nafasi yake, sijaipandisha namba 27 juu.

Hapo hapo nikaenda ofisi ya madini kuuliza na haya mengine kabla sijaambiwa. Madini yote ni mali ya Jamhuri, kama nataka kuuza kuna utaratibu na masoko ya madini yapo, na kutoa nje ya nchi hata sampuli kunahitaji kibali. Nikasema siuzi. Yule dada akaniangalia, "sasa unayafanyia nini?" Nikasema nayaandika.

16 Machi

Nimetoka Tabora na treni, nimechoka, naandika kwa kifupi.

Kuna broka alinitafuta, kasikia nakusanya mawe ya zamani, ana jiwe la dhahabu la Sekenke (mgodi wa zamani kule Singida) la enzi za Mjerumani lina karatasi yake. Roho ikanidunda kwa sababu dhahabu ya Sekenke ina historia na Tabora yenyewe: 1916 Mjerumani akiwa amebanwa na vita, hela hakuna, alipiga sarafu za dhahabu hapo hapo Tabora, rupia 15, zina tembo na herufi T, kama elfu kumi na sita hivi, na dhahabu ilitoka Sekenke. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Nilisema hata nikiliona tu na kulipiga picha inatosha, maana dhahabu ghafi huwezi kununua hivi hivi bila leseni.

Tumekutana chini ya miembe karibu na stesheni. Kakunjua leso. Jiwe jeupe lina madoa ya njano, bei laki nane. Karatasi: "Sekenke, Tanganyika Territory, 1912". Kwa bik ya bluu.

Nikamwambia kaka, 1912 hapa palikuwa Deutsch-Ostafrika, hiyo Territory bado haijazaliwa. Na bik mwaka huo haikuwepo. Akafikiria kidogo, akanisogezea karatasi na kalamu. "Basi andika wewe mwaka unaoutaka."

Nimecheka mpaka yeye akacheka. Nikaomba sindano nikagusa doa moja la njano, dhahabu ingebonyea, hii ikapukutika unga mweusi. Pairaiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu ila sio dhahabu. Nimenunua asali lita mbili nikarudi zangu Kigoma.

7 Aprili

Daftari limepatikana!!!

Yule shangazi wa kwenye simu, wa Ujiji. Nilienda kumjulia hali tu, nimempelekea asali ya Tabora.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, umekonda, hayo mawe yanakula nini?"

Nikamsimulia, nikafika kwenye daftari, akasema daftari gani, la kijani gumu lina mistari? Akaingia ndani akatoka nalo. Miaka yote hiyo alikuwa anaandikia upatu! Babu alitumia ukurasa wa kulia tu, kushoto akaacha wazi, shangazi akaona hasara akajaza. Kwahiyo kulia unasoma "Na. 17, galena, Mukwamba, 1953, zawadi ya fundi mitambo siku ya kuondoka" na kushoto "mama wa mawese 5/=, mke wa dereva 5/=, bado".

Nimemwomba nilichukue. Kakataa katakata. Kuna watu wawili humo hawajamaliza deni na mmoja bado yu hai. Sawa, nikakaa barazani kwake saa tatu nzima, nikapiga picha kila ukurasa, kulia na kushoto, kwa sababu upatu nao sasa ni sehemu ya ukoo wa hayo mawe, ndo unaoeleza daftari lilikuwa kwa nani baada ya babu.

Na. 26 nimeitafuta kwanza. "La kijani. Mbelgiji wa stima, 1960. Kasema lisikae na watoto."

Nimempigia mama nikamsomea. Kanyamaza muda mrefu, afu akasema, "Sisi tulikuwa tunaambiwa tu tusiguse sanduku. Hakuna aliyetuambia kwanini."

Orodha inakwenda mpaka 34, kwahiyo hata 31 haikuwa ya mwisho. Sasa mawe 11 yana mahali, mwaka na mtu aliyeyatoa. Manne yana mahali tu. Na kuna moja ambalo sijawahi kuliona: "Na. 9, galena, Mukwamba, kubwa, ratili 11". Hiyo ni kilo tano. Nikamuuliza shangazi kama analijua jiwe zito jeusi linalong'aa, kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Si lile la kuzuia mlango?"

Mlango wa nani?

Wa jikoni, Gungu, kwa binamu yake babu. Anasema mara ya mwisho kulala pale lilikuwepo, upepo wa ziwa ukivuma mlango haujigongi. Kesho asubuhi naenda Gungu na mzani, na nimeomba kwa fundi seremala kabari nzuri ya mninga nisije nikawaachia mlango unagonga.